Zebaki ya Kamera, Zebaki ya Karai

Betri iliyoitwa PX625 haikuwa kubwa kuliko kifungo cha koti. Upana wake ulikuwa milimita 15.6, kimo chake milimita 6 na ushei, na uzito wake kama gramu 4. Kuanzia miaka ya 1960 hadi miaka ya 1990, betri hiyo ndiyo iliyotia uhai vipima mwanga vya kamera nyingi za Kijapani zilizofika Afrika ya Mashariki, zikiwemo Canonet za Canon na SR-T za Minolta. Takriban theluthi moja ya uzito wake ilikuwa zebaki. Leo haiuzwi tena popote ambapo sheria inafuatwa, na kamera zilizoitegemea zimelala makabatini, wenyewe wakiamini kwamba zimekufa.

Msomaji aliyezoea ukurasa huu atashangaa kuona naandika habari za betri za kamera ilhali kuna mambo mengi ya nchi ya kujadiliwa. Namwomba avumilie. Historia ya betri hii inapita Korogwe na Handeni mara mbili: mara ya kwanza ndani ya kamera, mara ya pili ndani ya karai la mchimbaji wa dhahabu. Ukizitazama njia hizo mbili kwa pamoja, unaona jambo moja kuhusu namna sheria za dunia za kulinda afya zinavyotungwa, na nani huanza kulindwa.

Betri yenyewe ilizaliwa vitani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la Marekani liligundua kwamba betri za kawaida za zinki na kaboni zilikuwa zikiharibika ghalani, kwa joto na unyevu wa nchi za tropiki, kabla hazijaingizwa katika redio za askari. Mvumbuzi Samuel Ruben akabuni betri ya oksidi ya zebaki iliyostahimili joto, na kampuni ya P. R. Mallory, ambayo baadaye ndiyo iliyozaa jina la Duracell, ikaitengeneza kwa mamilioni. Kwa hiyo ni betri iliyobuniwa kwa ajili ya hali ya hewa kama ya kwetu. Sisi wenye joto hilo hatukuulizwa ilipoletwa, wala hatukuulizwa ilipoondolewa.

Sifa yake nyingine ndiyo iliyowavutia waundaji wa kamera. Betri ya tochi huanza na volti 1.5, kisha nguvu zake hupungua kidogo kidogo kama maji katika ndoo iliyotoboka. Betri ya zebaki hutoa volti 1.35 siku ya kwanza, hutoa volti 1.35 zile zile miezi mingi baadaye, kisha huzimika ghafla. Kwa mhandisi wa Kijapani hii ilikuwa neema. Hakuhitaji kuweka ndani ya kamera kifaa cha kusawazisha umeme, kwa kuwa betri yenyewe ilikuwa mizani. Sindano ya kipima mwanga ikipanda au kushuka, sababu ni moja tu, nayo ni mwanga. Kamera ikawa nyepesi na ya bei nafuu zaidi, lakini ikawa pia imefungwa ndoa na betri ya aina moja, na ndoa hiyo haikuwa na talaka.

Sasa twende Korogwe. Huu ni mji wa reli na katani. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakauzunguka mji pande zote. Waliofanya kazi katika mashamba hayo wengi wao hawakuwa wenyeji wa bonde la Pangani. Walikuwa manamba waliotoka mbali, wengine hata nje ya mipaka ya Tanganyika. Mtu aliye mbali na kwao kwa miaka mingi huhitaji ushahidi kwamba bado yu hai, ana viatu, na pengine ana saa ya mkono. Picha ilikuwa sehemu ya barua. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na siku ya mshahara katika mji kama Korogwe ilikuwa siku ya mapato kwa kila mwenye duka, mwenye mgahawa na mwenye studio.

Studio za miji ya reli zilikuwa, kwa sehemu kubwa, mali za familia zenye asili ya Kihindi. Pazia lililochorwa bustani, kiti cha kusukwa, taa mbili, na nyuma ya ukuta chumba cha giza. Kisha Aprili 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo, na katika miji mingi wenye studio hizo wakaanza kuondoka. Sitaki kuifungua hapa kesi ya sheria hiyo, nimeiandikia mara nyingi. Nataka tu kueleza kwa nini kazi ya picha ilitoka studioni ikaingia barabarani. Kamera zilizobaki, na zile zilizonunuliwa kwa mabaharia na kwa wasafiri, zikaangukia mikononi mwa vijana wa mjini waliojifunza kwa kutazama. Hao ndio waliozivusha kwenda Handeni, ambako reli haikufika kamwe, wakizifunga katika mifuko ya turubai na kuzipakia juu ya baiskeli au ndani ya basi, kwenda kupiga picha za harusi, za jando, za gulio na za vitambulisho.

Mmoja wao alikuwa baba yangu mdogo. Alikuwa karani katika shamba la mkonge karibu na Korogwe, na siku za mapumziko alikuwa mpiga picha. Kamera yake ilikuwa Canonet QL17 yenye lenzi isiyobadilishwa ya milimita 40. Alikuwa akizisafisha filamu nyeusi na nyeupe mwenyewe usiku, chumbani, dirisha likiwa limezibwa kwa blanketi. Za rangi alizipeleka Tanga. Bei ya mkonge ilikuwa imeshaanza kuanguka kwa sababu ya nyuzi za plastiki. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 uzalishaji wa taifa ulikuwa chini ya tani 40,000, na kamera ndiyo iliyowalipia ada watoto wake. Alipoacha kazi shambani alihamia Handeni, akaihamisha na kamera.

Vijana walio darasani kwangu hawana picha kamili ya uhaba wa miaka ile. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 hazina ya fedha za kigeni ilikauka. Kuagiza filamu, karatasi na dawa za picha kulihitaji leseni, na mbele ya mezani pa Benki Kuu filamu haikuweza kushindana na mafuta ya dizeli. Hata betri za tochi zilizokuwa zikitengenezwa hapa hapa nchini, zile za National kutoka kiwanda cha Matsushita kilichojengwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960, zilikuwa za kutafutwa. Kila nyumba ilijua dawa ya betri iliyochoka: unaianika juani juu ya bati kutwa nzima, au unaing'ata ubavuni hadi ibonyee, na jioni redio inasema tena kwa muda wa taarifa ya habari. Betri ya kamera haikuwa na dawa hiyo. Ikizimika imezimika. Nchi iliweza kujitengenezea betri ya tochi, lakini kifungo kile cha gramu 4 kilitegemea meli, mabaharia na jamaa walioko Mombasa.

Hapo ndipo ilipoonekana thamani ya kamera zilizodharauliwa. Zenit-E ya Kisovieti ilikuwa nzito kama tofali, na kifuniko chake kilipogonga kililia kama mlango wa ghala. Lakini kipima mwanga chake kilikuwa cha seleniamu, ambayo hujitengenezea umeme kutokana na mwanga unaoiangukia. Haikuhitaji betri yoyote. Olympus Trip 35 nayo ilikuwa hivyo hivyo. Nadhani wanahistoria wetu wa uchumi wamewahi kupima utegemezi kwa tani za mazao na kwa mikopo. Wangeweza pia kuupima kwa kuhesabu ni kamera zipi ziliendelea kufanya kazi Korogwe mwaka 1982.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, mwaka 1986 mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa ukatiwa saini, na katika miaka ya ruksa betri za PX625 zilionekana tena madukani, zikiwa zimefungwa kwenye karatasi ngumu. Furaha hiyo haikudumu. Miaka kumi baadaye zilianza kutoweka, safari hii kwa sababu nyingine kabisa.

Ili kuieleza sababu hiyo lazima twende Japani, katika mji wa wavuvi uitwao Minamata. Kiwanda cha kemikali cha kampuni ya Chisso kilimwaga zebaki katika ghuba ya mji huo kuanzia miaka ya 1930 hadi 1968. Zebaki iliingia katika samaki, samaki wakaliwa, na tarehe 1 Mei 1956 ugonjwa uliosababishwa na sumu hiyo ukaripotiwa rasmi: mikono inayotetemeka, macho yanayopoteza uwanja wa kuona, watoto wanaozaliwa wakiwa wamelemaa kabla hawajaonja samaki hata mmoja. Mwaka 1971 mpiga picha wa Kimarekani W. Eugene Smith na mkewe Aileen walihamia huko, wakakaa takriban miaka mitatu. Januari 1972 Smith alipigwa vibaya na wafanyakazi wa kampuni hiyo. Picha zao ndizo zilizoifanya dunia iangalie.

Miongoni mwa kamera alizozitumia Smith kule Minamata ni Minolta SR-T 101. Kipima mwanga cha kamera hiyo kiliendeshwa na betri ya PX625. Yaani mtu aliyeionyesha dunia maovu ya zebaki alikuwa ameibeba zebaki kidogo chini ya kidole gumba chake, bila shaka kama mamilioni ya wapiga picha wengine wakati ule. Simtaji kwa kumsuta. Namtaja kwa sababu mfano huo unaonyesha jinsi zebaki ilivyokuwa imejificha ndani ya vitu vya kawaida kabisa, na kwa nini wanasheria waliofuata waliona ni rahisi kuanza kuiondoa hapo.

Wakaanza kweli. Mwaka 1996 Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa betri za vifungo za oksidi ya zebaki. Umoja wa Ulaya ulitoa amri yake mwaka 1998, ikaanza kutekelezwa mwaka 2000. Oktoba 2013 mataifa yalikutana Japani yakatia saini Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki. Tanzania ilikuwa miongoni mwao, ikauridhia mwaka 2020. Mkataba huo una orodha ya bidhaa zenye zebaki, betri zikiwemo, na mbele ya kila bidhaa kuna mwaka wa mwisho wa kutengenezwa, kuuzwa nje au kuingizwa nchini. Mwaka wa betri ulikuwa 2020, isipokuwa baadhi ya betri ndogo zenye zebaki isiyofika asilimia 2. Hilo lilikuwa jambo jema, na sioni sababu ya kulililia. Lakini nakumbuka kwamba viwanda vilipoiacha PX625, watengenezaji wa kamera walikuwa wameshauza kamera zao, na hakuna sheria iliyowataka wawaeleze wanunuzi wa zamani wafanye nini.

Waliobaki na kamera walijitafutia wenyewe, kila mahali duniani. Njia walizozipata si nyingi, na zote zinajulikana sasa.

Ya kwanza, na ndiyo ya wengi, ni kununua betri ya saa kwenye kibanda, ile ya alkali inayowekwa pia katika midoli ya watoto, na kujaza nafasi inayobaki kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Sindano itacheza, na mwenye kamera atafurahi. Lakini betri hiyo huanza na volti 1.5 na kuendelea kushuka, hivyo kipimo cha Jumatatu si kipimo cha mwezi ujao. Betri ya oksidi ya fedha ni bora, kwa kuwa nguvu yake haiyumbi. Tatizo ni kwamba inasimama kwenye volti 1.55, juu ya kiwango kwa volti 0.2. Wapo wanaorekebisha kwa kuidanganya kamera kuhusu kasi ya filamu. Ni ujanja wa nusu, maana kosa la mwangani si sawa na kosa la kivulini. Njia nyingine ni betri ya zinki na hewa, ile ya vifaa vya kusaidia kusikia, iitwayo 675. Hutoa volti 1.4 bila kuyumba, karibu kabisa na zebaki, na ukiizungushia pete ya mpira inakaa vizuri. Ila ukishabandua karatasi yake huanza kuvuta hewa, na baada ya wiki kadhaa imekwisha, hata kama hukupiga picha hata moja. Dar es Salaam unaweza kuipata. Handeni sikuiona.

Zipo kamera zilizobarikiwa ambazo hazihitaji hila zozote. Pentax Spotmatic ilijengewa sakiti ya daraja inayolinganisha pande mbili, kwa hiyo haijali sana betri ina volti ngapi. Yashica Electro 35, iliyotumia betri ya zebaki ya volti 5.6, huikubali ya volti 6 bila kunung'unika, ilimradi upate springi ya kuziba pengo. Canonet haimo katika orodha hiyo.

Kosa la volti 0.2 lina maana gani kwa picha? Kipima mwanga kilicholishwa umeme mwingi kuliko haki yake huamini kwamba mwanga ni mkali kuliko ulivyo. Kwa hiyo hubana tundu la lenzi, na filamu hupata mwanga pungufu, pengine kwa hatua nzima. Katika negativu, kinachopotea kwanza ni sehemu za giza. Sasa fikiria ni nani wamo katika sehemu za giza. Bibi aliyekaa kizingitini Handeni, kanga kichwani, ukuta uliopakwa chokaa ukiwa nyuma yake: kipima mwanga kimeshavutwa na weupe wa ukuta, na betri isiyo yake inazidi kukibana. Ukuta utatoka vizuri. Bibi atakuwa kivuli chenye kanga. Kamera hizi zilipimwa kwa kijivu cha wastani ambacho hakikuwa ngozi ya babu zetu, na wapiga picha wa hapa walijua kulifidia hilo kwa kufungua tundu hatua moja zaidi, wakimpima mtu na si ukuta. Betri mbaya iliongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Katika albamu za familia za miaka ya mwisho ya 1990 nimeona nyuso nyingi mno zilizozama, na kwa muda mrefu nilisikia watu wakizilaumu filamu za bei rahisi.

Baba mdogo hakuhangaika na betri. PX625 ya mwisho ilipozimika aliitoa kamera kwenye herufi ya A, ambayo bila umeme huifunga kabisa isipige, akaanza kuweka kasi na tundu kwa mkono. Nilipomuuliza, alinijibu, "Mwanangu, jua la Handeni halihitaji betri." Filamu ya kasi 100, shata kwenye 125, tundu namba 16 juani, namba 8 mawingu yakitanda, namba 4 chini ya mwembe. Aliendelea hivyo mpaka simu za mkononi zilipowachukua wateja wake wote, ndipo akaitia kamera kwenye sanduku.

Mwaka jana aliniruhusu niichukue nimpelekee fundi redio wa Chanika, pale Handeni mjini. Fundi aliigeuzageuza, akafungua kifuniko cha chini kwa sarafu. Ndani mlikuwa na PX625 ile ile ya mwisho, imevimba kidogo, kingo zake zina kutu ya kijani.

"Shikamoo, Mzee," alimwambia baba mdogo, aliyekuwa amekaa nje kwenye benchi. "Hii haiumwi. Ina njaa tu."

Alisafisha kutu kwa pamba yenye maji ya ndimu. Nilimweleza habari ya volti 1.35, akafikiri kidogo. Dayodi kubwa ya chaja ya simu, aliniambia, haitakata vya kutosha kwa umeme mdogo namna hii. Akavuta chini ya meza redio ya National iliyovunjika, akachomoa dayodi ya jemaniamu, kidude cha kioo kisichozidi punje ya mpunga, ambacho katika redio kazi yake ni kuchuja sauti kutoka katika mawimbi. Akaichomelea kwa risasi kati ya vipande viwili vya shaba, akaweka rezista kuiga mzigo wa kipima mwanga, kwa kuwa dayodi isiyo na mzigo haikati kitu, kisha akapima. Betri ya oksidi ya fedha ilikuwa na volti 1.56. Baada ya dayodi zilisomeka 1.37. "Mwalimu," alisema, "hapo nimekurudishia zebaki yako bila zebaki." Gharama yote ilikuwa shilingi 5,000, betri ikiwemo.

Nataka kukaa kidogo kwenye kazi hiyo, kwa sababu watungaji wetu wa sera hupenda kuzungumzia ubunifu kana kwamba ni kitu kinachoagizwa. Redio ile iliunganishwa Dar es Salaam wakati taifa lilipoamini litajitengenezea vitu vyake. Imekufa kama redio, na kiungo chake kimoja sasa kinaipa kamera ya Kijapani kipimo sahihi cha mwanga. Hakuna wizara iliyopanga hivyo.

Ikabaki ile betri ya zamani. Fundi alitaka kuitupa ndani ya kopo la takataka la kibanda, nami nikaiomba. Tangu siku hiyo imo ndani ya chupa yenye kifuniko kwenye meza yangu ya kazi. Nimeulizia katika ofisi kadhaa mahali pa kuipeleka, na mpaka ninapoandika haya sijapata jibu. Sheria ya dunia iliitia tarehe ya kuacha kuuzwa, haikuitia pipa.

Katika safari hiyo hiyo nilifika kwenye eneo moja la wachimbaji wadogo wilayani Handeni. Msomaji wa mikoa mingine huenda hajui kwamba Handeni ni wilaya ya dhahabu. Mwanzoni mwa karne hii wachimbaji wadogo walimiminika katika vilima vya Magambazi, kampuni za utafiti kutoka Kanada zikafuata na mitambo yao ya kutoboa miamba, na tangu hapo dhahabu imeendelea kutafutwa huku, na Kilindi vile vile, ambayo hadi mwaka 2002 ilikuwa sehemu ya Handeni. Wenye mitambo huja na kuondoka kwa kufuata bei ya dunia. Wenye karai hubaki.

Nilichokiona kimeelezwa na wengi, lakini nitakiandika. Mama mmoja alikuwa na karai lenye unga wa mawe uliokwisha oshwa. Akamimina zebaki kutoka katika kichupa cha plastiki, kilichokuwa zamani cha dawa ya macho, akaisugua ndani ya unga kwa kiganja kitupu. Zebaki huikamata dhahabu na kuacha mchanga. Akakikamua kile kinyunya ndani ya kipande cha kitenge, zebaki iliyozidi ikadondoka arejeshe kichupani, na kilichobaki akakiweka juu ya kijiko kwenye jiko la mkaa. Zebaki ikapanda hewani na dhahabu ikabaki njano. Moshi wake hauonekani sana. Mtoto alikuwa mgongoni.

Kwa gramu moja ya dhahabu hutumika angalau gramu moja ya zebaki, na mara nyingi zaidi. Betri iliyomo katika chupa yangu ina kama gramu moja na kidogo. Yaani zebaki iliyoamriwa kuondoka katika kamera ya baba mdogo ni sawa na zebaki ya kijiko kimoja cha mama yule, siku moja. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mwaka 2015 uchimbaji mdogo wa dhahabu ulichangia asilimia 38 ya zebaki yote iliyoingia hewani kwa shughuli za binadamu duniani, ukiwa chanzo kikubwa kuliko vingine vyote.

Sasa rudi kwenye mkataba. Betri ilipewa mwaka: 2020. Uchimbaji mdogo wa dhahabu haukupewa mwaka wowote. Ibara ya saba inazitaka nchi zichukue hatua za kupunguza matumizi ya zebaki katika uchimbaji huo, na pale inapowezekana kuyakomesha, na ziandae mpango wa taifa wenye malengo ziliyojiwekea zenyewe. Najua hoja ya upande wa pili, nami naiheshimu: mama yule hawezi kuambiwa aache kesho, kwa kuwa karai ndilo shamba lake, na marufuku isiyo na mbadala humsukuma tu akachome usiku. Lakini mwenye Canonet naye aliambiwa aache kesho. Tofauti ni kwamba mtumiaji wa betri alikuwa New York na Paris pia, na kwa ajili yake viwanda vilikuwa vimekwisha andaa betri ya oksidi ya fedha kabla marufuku haijatangazwa. Pale mbadala ulipokuwa tayari, tarehe iliandikwa kwa wino. Pale mbadala ulipohitaji mtu asafiri hadi kijijini, iliandikwa "inapowezekana".

Na mbadala upo. Katika milima ya Benguet, Ufilipino, wachimbaji wadogo wameitumia boraksi kwa zaidi ya miaka 30: wanauosha unga hadi ubaki mzito sana, wanauchanganya na boraksi, wanauyeyusha, na dhahabu inajitenga bila tone la zebaki. Si kila mwamba unaikubali njia hiyo, na inadai uoshaji wa makini zaidi kuliko ule nilioushuhudia. Kwa wale ambao bado watachoma zebaki, kipo chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba kinachounasa mvuke na kuurudisha kuwa maji ya zebaki. Fundi yeyote wa vyuma wa Korogwe anaweza kukitengeneza.

Barabara ya Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65 na sasa ni ya lami. Kinachosubiriwa ni halmashauri hizi mbili kuandika katika bajeti zao nauli na posho ya mtu atakayekwenda na kilo chache za boraksi na chungu kimoja cha chuma, akachuchumae mtoni na mama yule, na kumwonyesha.